Swali Lililozoea Kujibiwa

Hitilafu namba 1055 ya MySQL haina maneno ya kutisha. Inasema tu kwamba safu fulani iliyoombwa haimo katika kundi wala haikufanyiwa hesabu yoyote, kwa hiyo kanzidata haitaitoa. Wengi walianza kukutana nayo baada ya Oktoba 2015, lilipotoka toleo la 5.7 la MySQL na kufunga mlango uliokuwa wazi miaka mingi. Mwaka uliofuata Laravel, fremuweki ya PHP iliyoanzishwa na Taylor Otwell mwaka 2011, ilitoa toleo lake la 5.3, na ndani ya faili la mipangilio likabadilika neno moja tu: ukali wa kanzidata, ambao awali ulikuwa umezimwa, sasa ukaandikwa umewashwa. Aliyelichukua faili hilo pamoja na fremuweki mpya alilala mfumo ukiwa mzima, akaamka kukuta ripoti zilizokuwa zikifunguka bila shida zimegeuka kurasa za makosa.

Kauli ya kwanza ya kila aliyepatwa na jambo hili ni ileile: "Jana ilikuwa inafanya kazi." Hakuna anayeweza kumbishia, kwa sababu kweli jana ilikuwa inafanya kazi. Lakini kauli hiyo imebeba dai zito kuliko anayeitoa anavyodhani, kwamba kilichokuwa kikileta majibu kilikuwa sahihi, na ubovu umekuja na mgeni. Wanafalsafa wamebishana juu ya dai la namna hii kwa zaidi ya miaka elfu moja, muda mrefu kabla hapajawa na kompyuta ya kuiangushia lawama.

Chukua jedwali la kodi ya nyumba. Lina safu za mpangaji, tarehe na kiasi, na kila malipo yana mstari wake. Mwandishi wa programu anataka ripoti fupi ya malipo ya mwisho ya kila mpangaji, akaandika hivi:

SELECT mpangaji, MAX(tarehe), kiasi FROM malipo GROUP BY mpangaji

Alikusudia kiasi kilicholipwa siku hiyo ya mwisho. Alichoandika ni kitu kingine. Ameomba tarehe iliyo kubwa kuliko zote, halafu ameomba kiasi bila kusema ni cha mstari upi. Mpangaji wa chumba namba 4 ana mistari kumi na miwili kwa mwaka, na tarehe moja tu kati ya hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Lakini kiasi? Kiwango cha SQL cha mwaka 1992 kilikataa swali la namna hiyo. MySQL ililikubali, na maelekezo yake yalisema wazi kwamba seva iko huru kuchagua thamani yoyote iliyomo kwenye kundi. Kwa kawaida ilichukua mstari wa kwanza kuufikia. Kama safu ya mpangaji ina faharasa, injini ya InnoDB huipitia mistari ya mpangaji huyo kwa kufuata namba za utambulisho za mistari yenyewe, hivyo wa kwanza kufikiwa huwa ule ulioingizwa zamani kuliko yote.

Sasa mwenye nyumba anatoza shilingi 250,000 kila mwezi na hajapandisha kodi. Ripoti inasema mpangaji wa chumba namba 4 alilipa mara ya mwisho tarehe 3 Juni, shilingi 250,000. Ni kweli tupu. Juni alilipa, na alilipa 250,000. Ila zile 250,000 zilizochapwa kwenye ripoti si za Juni. Ni za Januari, zimefanana tu na za Juni kwa kuwa kodi haijabadilika. Julai kodi ikipanda hadi 300,000 na mpangaji akalipa zote, ripoti itaandika tarehe ya Julai na kuweka pembeni yake 250,000 za Januari. Mwenye nyumba atakwenda kugonga mlango wa mtu asiyedaiwa.

Swali basi ni la Juni, kwa sababu makosa ya Julai kila mtu anayaona. Je, Juni ile mwenye nyumba alijua kwamba mpangaji wake alilipa 250,000?

Mwaka 1963 Edmund Gettier, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit, alichapisha makala ya kurasa tatu iliyowasumbua wanafalsafa hadi leo. Kabla yake wengi waliridhika na maelezo haya: mtu anajua jambo ikiwa jambo lenyewe ni la kweli, yeye analiamini, na ana sababu nzuri ya kuliamini. Gettier alitoa mifano miwili ya watu wenye yote matatu, ambao hata hivyo hakuna mwenye akili timamu angesema walijua. Sababu yao ilikuwa upande mmoja na ukweli upande mwingine, vikakutana kwa bahati. Karibu miaka 1,200 kabla yake, huko India, mwanafalsafa wa Kibuddha aitwaye Dharmottara alikuwa ameshaliona jambo hilo kwa mfano wa kupendeza zaidi. Mtu amewasha moto wa kuchoma nyama, na moshi bado haujapanda. Wadudu wameizunguka nyama kama wingu jeusi. Anayetazama kutoka mbali anaona weusi ule, anadhani ni moshi, anasema: pale pana moto. Na moto kweli upo.

Ripoti ya Juni ni wadudu wa Dharmottara waliochapwa kwenye karatasi. Hapa hakuna haja ya kusema "ni kama". Ni tukio lenyewe, lenye sehemu zake zote. Taarifa ni ya kweli, mwenye nyumba anaiamini, na sababu anayo, tena nzuri: mfumo haujamdanganya mwaka mzima. Kitu pekee kinachokosekana ni uhusiano kati ya kiasi kilichoandikwa na siku iliyoandikwa kando yake. Kwa hiyo MySQL 5.7 ilipokataa kulijibu swali lile, haikumnyang'anya mwenye nyumba ujuzi aliokuwa nao. Ilimwondolea bahati.

Wapo wasiokubali, na hoja yao si ya kupuuzwa. William James alifundisha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba ukweli wa wazo hupimwa kwa namna linavyotufikisha mahali katika maisha, wala si mapambo yanayokaa ndani ya wazo lenyewe. Fundi aliye kazini hahitaji kumsoma James kulifahamu hilo. Mteja akiridhika na hesabu zikalingana, kazi imekwisha. Linus Torvalds, baba wa Linux, ameishikilia kwa miaka mingi kanuni inayotoka shina hilohilo: badiliko la kiini cha mfumo likivunja programu za watumiaji, kosa ni la kiini, hata kama programu hizo zilitegemea kitu zisichoahidiwa. Naye Hyrum Wright, akiwa mhandisi wa Google, alitoa angalizo linalojulikana sasa kwa jina lake: mfumo ukipata watumiaji wa kutosha, kila tabia yake inayoonekana itakuwa na mtu anayeitegemea, iwe iliandikwa kwenye mkataba au haikuandikwa. Kwa macho ya watu hawa, tabia iliyodumu ni ahadi iliyotolewa kimyakimya, na anayeivunja ndiye mkosaji.

Hoja hiyo inafaa sana mahali pengine, lakini inateleza kwenye ripoti ya kodi. Kanuni ya Torvalds hulinda tokeo thabiti ambalo watu wamejenga juu yake. Ni tokeo gani thabiti lililokuwepo hapa? Seva ilikuwa ikichagua mstari kwa namna ambayo faharasa mpya, au hesabu tofauti ya njia ya mkato ndani ya injini, ingeweza kuibadili wakati wowote, bila toleo jipya wala taarifa. Kilichodumu mwaka mzima ni kodi ya mwenye nyumba, wala si tabia ya MySQL.

Iko kesi nyingine ambako upande wa Torvalds una haki kubwa zaidi, nayo inamrudisha mezani mtu ambaye wasomaji wengi wa pwani humfahamu kwa kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din kuliko kwa mabishano yake na wanafalsafa.

Abu Hamid al-Ghazali alikuwa mwalimu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad alipokamilisha Tahafut al-Falasifa mwaka 1095. Katika suala la 17 la kitabu hicho aliuchukua moto na pamba. Tunaona pamba ikiungua inapoguswa na moto, akasema, lakini tulichokiona ni mambo mawili yakiandamana. Kwamba moja limelilazimisha la pili, hilo macho hayakuliona. Mwenyezi Mungu ndiye anayeumba kuungua pamoja na mguso, kwa mazoea aliyoyaweka, naye anaweza kuumba kimoja bila kingine. Karne iliyofuata Ibn Rushd wa Andalusia akamjibu kwa ukali: anayekana kwamba vitu vina sababu ameikana akili yenyewe, kwani kujua kitu ni kujua sababu zake.

Sasa tazama kilichotokea Aprili 2018. Hadi toleo la 5.7, swali la MySQL lenye GROUP BY lilirudisha makundi yakiwa yamepangwa kwa mfuatano: majina kwa alfabeti, tarehe kuanzia ya zamani. Hakuna aliyelazimika kuomba upangaji huo, nao ulikuja tu pamoja na makundi, mwaka baada ya mwaka. Toleo la 8.0 liliuacha. Orodha za wanafunzi, bei za bidhaa na taarifa za mikoa zilianza kuonekana zimevurugika kwenye mifumo ambayo hakuna mtu aliyegusa hata mstari mmoja wa msimbo wake. Wala hapakuwa na ujumbe wowote wa hitilafu. Makundi yalikuwa sahihi, jumla zilikuwa sahihi; mfuatano tu ndio uliokosekana.

Ghazali angeuliza: ulipoona makundi na mfuatano vikiandamana miaka yote, ulipata wapi kwamba kimoja ni sababu ya kingine? Na Ibn Rushd angemjibu kwamba sababu ilikuwepo na inasomeka. Toleo la zamani, baada ya kuweka makundi, lilikuwa likiongeza kazi ya kupanga. Toleo jipya limeiacha kazi hiyo kwa kuwa inakula muda na mara nyingi hakuna aliyeihitaji. Msimbo wa MySQL uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Kwa hiyo katika ulimwengu wa programu Ibn Rushd anashinda upande wa kitu chenyewe: hakuna tabia isiyo na sababu, na sababu zote zimeandikwa na mtu. Ila upande wa mtumiaji Ghazali ndiye anayeonekana kuyaelewa maisha. Mwandishi wa tovuti hasomi msimbo wa kanzidata. Anaona pamba, anaona moto, anazoea. Nyuma ya mazoea hayo kuna matakwa ya wengine wanaoweza kuyabadili, tofauti ikiwa kwamba hawa ni kamati ya wahandisi, nao hutanguliza tangazo. Maelekezo ya 5.7 yalikuwa yameshaonya kwamba upangaji huo wa bure usitegemewe. (Wangapi walisoma? Maelezo ya toleo ni fasihi yenye wasomaji wachache mno.)

Hapa ndipo haki ya upande wa Torvalds inapoonekana. Upangaji ule ulikuwa thabiti, ulielezwa kwenye maelekezo, na watu walijenga juu yake. Kuwaita wazembe ni kuwaonea. Mtu aliyeutegemea alikuwa na sababu iliyoshikamana na ukweli, kwa hiyo alijua, mpaka siku kilichojulikana kilipobadilishwa. Hii ni hali nyingine kabisa na ile ya ripoti ya kodi, ingawa zote mbili humfikia mhusika kwa malalamiko yaleyale ya kwamba jana ilikuwa inafanya kazi. Anayezichanganya atatafuta dawa isiyo ya ugonjwa wake.

Django, fremuweki ya Python iliyozaliwa kwenye gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, ilikuwa na kesi inayokaa katikati. Mtu aliweza kuandika kwenye modeli yake kwamba mistari ipangwe kwa tarehe kila inapoombwa. Akiomba baadaye jumla ya mauzo kwa kila duka, ile tarehe ilijipenyeza ndani ya GROUP BY bila kualikwa, na badala ya jumla moja kwa kila duka akapata vipande, kimoja kwa kila duka na kila tarehe. Toleo la 2.2 la Aprili 2019 lilianza kutoa onyo, na la 3.1 la Agosti 2020 likaiondoa tabia hiyo. Waliokuwa wakipata jibu baya walianza kupata zuri. Na waliokuwa wameandika msimbo wa kurekebisha lile jibu baya, wakijumlisha vipande kwa mkono, waliachwa na msimbo usio na kazi.

Hadi hapa imechukuliwa kwamba mkosaji anajulikana. Kazini hajulikani. Fremuweki haisasishwi peke yake. Huja na toleo jipya la PHP au Python, kiunganishi kipya cha kanzidata, mara nyingine seva mpya kabisa. Swali lililokuwa likijibiwa linapogoma, watuhumiwa ni wanne au watano. Mwanafizikia wa Ufaransa Pierre Duhem aliandika mwaka 1906 kwamba mwanasayansi hawezi kulipima dhanio moja likiwa limetengwa na mengine. Jaribio likikataa, linalikataa bunda zima, bila kuonyesha kijiti kilichooza. Mmarekani W. V. Quine aliipanua hoja hiyo mwaka 1951 mpaka ikagusa ujuzi wote wa binadamu.

Waandishi wa programu hupenda kudhani kwamba wao wamelikwepa tatizo la Duhem. Njia yao inajulikana: toa swali ndani ya fremuweki, lisome kama lilivyo, linakili, liendeshe moja kwa moja kwenye dirisha la amri la MySQL. Likigoma huko pia, fremuweki haina hatia. Likijibiwa, fremuweki ndiyo mwizi. Inaonekana ni jaribio lisilo na mwanya.

Mwanya upo, na wengi wameangukia humo. MySQL haina ukali mmoja kwa seva nzima. Kila kikao kinaweza kuwa na wake, katika kigezo kiitwacho sql_mode. Laravel ikiwashiwa ukali, kila inapofungua kikao huanza kwa kuweka orodha yake yenyewe ya masharti, pamoja na lile la makundi. Dirisha la amri halifanyi hivyo, linachukua yaliyopangwa kwenye seva. Kama msimamizi wa seva aliyalegeza, swali lilelile, herufi kwa herufi, juu ya jedwali lilelile, litagoma kwenye tovuti na kujibiwa kwenye dirisha la amri. Mchunguzi anahitimisha kwamba Laravel imeharibu swali. Laravel haikuligusa, ilibadilisha tu mahakama iliyolisikiliza. Duhem angetikisa kichwa: ulidhani unapima swali, kumbe umepima swali pamoja na kikao. Tiba ni amri fupi, SELECT @@sql_mode, iendeshwe pande zote mbili na majibu yawekwe sambamba. Ni jambo la sekunde chache, mradi mtu akumbuke kwamba kikao nacho ni mtuhumiwa.

Orodha hiyohiyo ya masharti iliwahi kuleta kioja kingine. Mojawapo lilikuwa NO_AUTO_CREATE_USER. MySQL 8.0.11, toleo la kwanza la 8.0 kutolewa kwa matumizi ya kawaida, ililifuta sharti hilo, na matoleo ya Laravel ya wakati huo yakaendelea kulitaja kila yalipofungua kikao. Seva ikajibu kwa hitilafu namba 1231, na mfumo mzima ukaanguka kabla haujauliza swali hata moja. Sharti lenyewe halikuwa na uhusiano wowote na kazi ya tovuti, maana lilihusu utaratibu wa kuunda watumiaji wa kanzidata. Quine alidai kwamba imani iliyo mbali kabisa na tukio nayo inaweza kuhusika katika kosa, na hapa alipatiwa mfano safi kuliko aliowahi kuufikiria.

Nyuma ya yote haya kuna jambo ambalo wanazuoni wa dini walilishughulikia kabla ya wanafalsafa wa sayansi, nalo ni adabu ya kukataa kujibu. Imamu Malik bin Anas wa Madina, aliyefariki mwaka 795, hupokewa kwamba alijiwa na mtu aliyesafiri kutoka mbali na maswali mengi, na sehemu kubwa ya maswali hayo akayajibu kwa neno moja: sijui. Msafiri alishangaa atawaambia nini watu wake. Malik akamwambia awaambie kwamba Malik amesema hajui. Wanafunzi wa fiqhi husimuliwa habari hii kama sifa ya mwanachuoni, kwa sababu mufti anayekisia ni hatari kuliko anayenyamaza, hata siku anayopatia.

MySQL ya zamani haikuwa na adabu hiyo. Ilikuwa na ukarimu wa kupindukia, ikitoa jibu kwa kila aliyeuliza. Ukiipa jina "Mwanahamisi binti Abdulrahman" kwenye safu yenye nafasi ya herufi 20, ilihifadhi "Mwanahamisi binti Ab" na kusonga mbele. Ukiipa tarehe 31 Februari, iliandika mwaka 0000, mwezi 00, siku 00, tarehe isiyopo kwenye kalenda ya taifa lolote. Onyo lilitolewa, lakini lilikaa pembeni, mahali ambapo fremuweki nyingi hazikutazama. Ukali uliowashwa katika 5.7 ulikomesha ukarimu huo. Jina refu likakataliwa, na tarehe ya uongo pia.

PHP yenyewe ilipita njia hiyo. Kiunganishi chake kiitwacho PDO, kilichoingia na toleo la 5.1 mwaka 2005, kilikuwa kimya kwa mpangilio wake wa awali. Swali likishindwa, kilirudisha "si kweli" na kuendelea. Kimya hicho kilidumu miaka 15, mpaka PHP 8.0 ya Novemba 2020 ilipoamua kwamba swali likishindwa programu isimame na kusema. Laravel na fremuweki nyingine kadhaa zilikuwa zimeshaukataa ukimya huo mapema, kwa hiyo waliopata mshtuko ni wenye misimbo iliyoandikwa kwa mkono. Ukurasa uliokuwa ukionyesha "Hakuna matangazo kwa sasa" kwa miaka sasa unakufa mbele ya mgeni, na inagundulika kwamba matangazo yalikuwepo muda wote. Swali lililoyatafuta lilitaja safu iliyobadilishwa jina zamani. Msimamizi wa tovuti hiyo atasema kusasisha kumemletea kosa. Kumemletea habari.

Haki itendeke hata hivyo: hasira yake ina msingi. Habari mbaya inayokuja saa tatu asubuhi, wateja wakiwa kwenye foleni, ina gharama ambayo falsafa hailipi. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya wengi ni kurudi kwenye faili la mipangilio na kuuzima ukali. Tovuti inafunguka, simu zinanyamaza. Kama kipimo cha asubuhi hiyo ni foleni, wamefanya sawa. Lakini wamerudisha vilevile wadudu juu ya nyama, na safari hii mhusika ameambiwa kwamba si moshi. Mwenye nyumba wa Juni hakuwa na lawama, kwa sababu hakuwa na njia ya kushuku. Aliyesoma ujumbe wa 1055 kisha akazima ukali hana tena kisingizio hicho.

Njia ya pili ni ya ajabu kidogo. Watengenezaji wa MySQL 5.7, walipofunga mlango, waliacha kidirisha kiitwacho ANY_VALUE. Mwandishi akiizungushia safu yake amri hiyo, kanzidata inakubali kumpa thamani yoyote kutoka kwenye kundi, kama zamani. Tokeo linaweza kuwa lilelile, herufi kwa herufi, na msomaji wa haraka ataona ni tofauti ya jina tu. Sivyo. Zamani mtu alipata thamani yoyote akidhani ni maalumu. Sasa anatamka kwa maandishi kwamba yoyote inamtosha. Kuna mahali inamtosha kweli. Kama kila mstari wa mpangaji umebeba namba yake ileile ya kitambulisho, haijalishi namba hiyo imechukuliwa kutoka mstari upi, na mwandishi ana haki ya kusema hivyo. Kwenye safu ya kiasi hana haki hiyo, na anapoandika ANY_VALUE(kiasi) vidole vyenyewe husita.

Inabaki njia ya tatu, ya kuliandika swali upya. MySQL 8.0 ina nyenzo iliyokosekana kabla yake, ya kuipa namba mistari ndani ya kila kundi: panga malipo ya kila mpangaji kuanzia la karibuni, yape namba, chukua lenye namba moja. Ni mistari minne au mitano ya SQL badala ya mmoja. Lakini anayeiandika hufika mahali akasimama, kwa sababu amri ya kupanga inamtaka ataje mistari ifuatane kwa kigezo gani. Je, mpangaji akilipa mara mbili siku moja, shilingi 150,000 asubuhi kwa M-Pesa na 150,000 jioni taslimu, malipo ya mwisho ni yapi? Swali la zamani lilipita juu ya shimo hilo bila kulitazama. Hili jipya nalo linaweza kupita, lakini anayeliandika ameshaliona shimo. Safu ya tarehe haina saa. Hakuna toleo la Laravel, Django wala MySQL litakalolijibu, kwa sababu si swali la kanzidata. Ni la mwenye nyumba. Huenda akataka jumla ya siku nzima, huenda akataka risiti ya mwisho kuandikwa, huenda hajawahi kulifikiria. Inabidi apigiwe simu.